Muscat kwa Maili: Viti Vitatu au Kiti Kimoja cha Kifahari?

Kama mwenzi wako anasafiri sana kikazi, leo Dubai, kesho Istanbul, keshokutwa Guangzhou, basi nyumbani kwenu kuna hazina ambayo huenda hamjawahi kuihesabu. Haipo benki wala chini ya godoro. Ipo kwenye akaunti ya shirika la ndege, inaitwa maili, na wengi wetu tunaiacha mpaka inakufa kimya kimya.

Mchezo huu una umri wa zaidi ya miaka arobaini. American Airlines walianzisha mpango wao wa AAdvantage Mei 1981, na mashirika mengine yakafuata mmoja mmoja. Kwetu Afrika Mashariki yapo mengi ya kuchagua: Ethiopian wana ShebaMiles, Kenya Airways wana Asante Rewards, RwandAir wana Dream Miles, Emirates wana Skywards, Turkish wana Miles&Smiles, Qatar Airways wana Privilege Club, Oman Air wana Sindbad, na KLM na Air France wanachangia Flying Blue. Uzuri ni kwamba katika mipango mingi maili huingia kwa aliyekaa kwenye kiti, hata kama tiketi imelipwa na ofisi. Bosi kalipa, wewe umevuna. Hapo sasa!

Kuvuna ni rahisi. Kutumia ndiko kunakovunja vichwa, na wakati mwingine kunatikisa hata ndoa. Mwaka jana mimi na mume wangu tulikuwa na maili 120,000, safari moja mbele yetu, na majibu mawili tofauti kabisa juu ya namna ya kuzitumia. Safari yenyewe ilikuwa ya Muscat, mji mkuu wa Oman, na nitakwambia kwa nini.

Kwa nini Muscat?

Mama yangu ni mtu wa Unguja. Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa, aliolewa na kuhamia Oman mwaka 1974. Hakuwa peke yake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilivuka bahari, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 alifungua milango kwa Waomani waliokuwa nje warudi. Ndiyo maana mpaka leo ukitembea Muscat utasikia Kiswahili dukani, hospitalini, hata kwa dereva wa teksi. Na mahusiano hayo yana mizizi mirefu: katika karne ya 19 Sultani Said aliitawala Oman huku makao yake yakiwa Unguja.

Mama na dada yake walionana mara ya mwisho mwaka 1996, kwenye msiba wa babu. Baada ya hapo ni simu tu, na siku hizi video. Mama mkubwa magoti yamemchosha, ndege hapandi tena. Mama naye kila mwaka anasema "mwakani inshallah". Wote wawili wameshavuka sabini au wanaikaribia. Si unajua hizi "mwakani" zinavyoishia.

Wakati huo huo, maili za mume wangu zilikuwa zinahesabiwa siku. Kazi yake ni ya manunuzi, na kwa miaka mitatu amekuwa mtu wa begi mlangoni. Sehemu kubwa ya maili hizo zilikuwa zife mwezi Machi.

Kalamu, karatasi na kikokotoo

Kabla ya kuamua, tulikaa mezani tukafanya hesabu. Hesabu hii inafaa kwa kila mtu, kwa hiyo ichukue kama ilivyo.

Chukua bei ya tiketi ukilipa fedha taslimu. Toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili, maana tiketi ya maili si ya bure kabisa. Kinachobaki kigawanye kwa idadi ya maili unazoombwa. Jibu ndiyo thamani ya maili moja.

Zetu zilikuja hivi. Tiketi ya daraja la kawaida, kwenda na kurudi, tarehe tulizozitaka: Tsh 1,980,000. Kwa maili waliomba 38,000 na kodi Tsh 460,000. Maana yake tunaokoa Tsh 1,520,000, na kila maili inafanya kazi ya Tsh 40.

Daraja la biashara, lile la viti vinavyolala: Tsh 6,400,000. Kwa maili waliomba 95,000 na kodi Tsh 700,000. Tunaokoa Tsh 5,700,000, na kila maili inafanya kazi ya Tsh 60.

Halafu kulikuwa na duka la zawadi la mpango huo huo. Blenda ambayo Kariakoo unaipata kwa Tsh 240,000, wao walitaka maili 30,000. Gawanya mwenyewe: Tsh 8 kwa maili. Blenda tukaiaga hapo hapo.

Ukiangalia namba peke yake, daraja la biashara limeshinda. Na watu wote wanaojifanya mabingwa wa maili watakwambia hivyo: tumia kwenye viti vya kifahari, ndiko kwenye thamani. Mume wangu alikuwa upande huo mwanzoni. "Miaka mitatu magoti yangu yamekaa kwenye kiti cha mbele," aliniambia. "Mara moja tu nilale kama binadamu."

Sikumlaumu. Mtu kazitolea jasho. Lakini maili 120,000 zilitosha kiti kimoja tu cha biashara. Kiti kimoja, mtu mmoja. Kwa daraja la kawaida zilitosha viti vitatu: 114,000, na chenji ya 6,000 inabaki.

Swali ambalo kikokotoo hakiulizi

Hapa ndipo penye siri yote ya kutumia maili vizuri. Ile Tsh 60 ni kweli tu kama ungekuwa tayari kutoa Tsh 6,400,000 mfukoni kwa kiti hicho. Sisi tusingetoa, hata tungezipata. Safari yenyewe ni ya saa tano na nusu hivi kwa ndege ya moja kwa moja. Kwetu, kiti kile kilikuwa na thamani ya starehe ya saa tano na nusu, basi. Tofauti iliyobaki ilikuwa ya kwenye karatasi.

Kwa hiyo jiulize: bila maili, ningelipa kiasi gani kwa kitu hiki? Na cha pili: bila maili, safari hii ingefanyika? Kwa upande wetu, tiketi tatu taslimu zingekaribia milioni sita, mwaka ambao tulikuwa tunamalizia kuezeka. Jibu lilikuwa hapana. Mama angebaki na "mwakani" yake.

Hatukuamua siku hiyo. Mwenzangu alilala nalo siku mbili, na mimi nilifunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua watashangaa. Siku ya tatu, tukiwa kwenye foleni ya Mwenge, akasema bila kugeuka: "Hizi maili ni siku ambazo sikuwa nyumbani. Na wewe siku hizo ulikuwa na watoto peke yako, mama akija kukusaidia. Sasa ni za nani?" Kesho yake akampigia mama mwenyewe. "Mama, shikamoo. Pasi yako ya kusafiria bado hai?"

Wasomaji wangu, kuna maua, kuna chokoleti, na kuna mume anayeuliza kuhusu pasi ya mama mkwe wake.

Namna ya kupata viti

Viti vya maili ni vichache, na kupata vitatu ndege moja ni kazi kuliko kupata kimoja. Haya ndiyo yaliyotusaidia, na yatakusaidia na wewe.

*Tafuta mapema au kaa tayari kubadili siku.* Desemba na likizo za shule viti hivi huisha kama maandazi ya asubuhi. Sisi tulihama kutoka Desemba kwenda mwanzoni mwa Februari, katikati ya wiki. Muscat ni afadhali zaidi wakati huo: kuanzia Novemba mpaka Machi kuna ubaridi mzuri, wakati katikati ya mwaka joto linapita nyuzi 40.

*Usifungwe na ndege moja.* Mashirika yapo kwenye miungano, na maili za mmoja zinaweza kukupandisha ndege ya mwenzake. Ethiopian na Turkish wako Star Alliance. Kenya Airways, KLM na Air France wako SkyTeam. Qatar Airways na British Airways wako oneworld, na Oman Air alijiunga nao Juni 2025. Emirates hayumo kwenye muungano wowote, ila Skywards inatumika pia flydubai. Mtu wa Dar anayekwenda Muscat anaweza kupita Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Linganisha zote, maana idadi ya maili na kodi hutofautiana sana kwa safari ile ile.

*Jueni nani ana nini.* Wanandoa wengi wana akaunti mbili zenye maili nusu nusu ambazo hazifiki popote. Skywards ina akaunti ya familia inayochukua mpaka watu wanane, na Flying Blue nayo ina ya kwake. Qatar Airways, British Airways na Finnair wote wanatumia sarafu moja inayoitwa Avios, na unaweza kuihamisha kati ya akaunti zako mwenyewe.

*Soma tarehe ya kufa.* Maili za Skywards huishi miaka 3 tangu kuzipata.  Mipango mingine ina sheria zake. Andika tarehe kwenye kalenda ya simu, kama unavyoandika siku ya ndoa. Natumaini unaiandika.

*Usizifanye akiba ya uzeeni.* Maili hazina riba. Shirika linaweza kupandisha bei yake wakati wowote, na huna pa kushtaki. Flying Blue, kwa mfano, waliacha jedwali la bei maalumu mwaka 2018, na tangu hapo idadi ya maili hupanda na kushuka kama nauli yenyewe. Maili zikitosha safari uliyoitaka, itumie.

*Usitumie kwenye safari fupi yenye nauli ndogo.* Kodi za uwanja huwa karibu zile zile, kwa hiyo unajikuta umetoa maili na bado unalipa nusu ya nauli. Safari hizo lipa taslimu, uvune maili nyingine.

Na la mwisho, usikate tamaa na sauti ya kwanza kwenye simu. Sisi tuliambiwa hakuna viti vitatu siku tuliyotaka. Tukaomba waangalie siku moja kabla. Vilikuwepo.

Muscat yenyewe

Muscat si Dubai, na haitaki kuwa Dubai. Huoni maghorofa yanayogombania mawingu. Mji umejinyoosha kati ya bahari na milima mikavu ya rangi ya kahawia, nyumba nyingi ni nyeupe na fupi, na barabara ni safi mpaka unaona aibu kushika ganda la pipi.

Anza na Mutrah. Barabara ya ufukweni pale ni ya kutembea jioni, mkono kwa mkono kama hali inaruhusu, ila mapenzi ya wazi wazi yaacheni hotelini, nchi ina heshima zake. Ndani ya soko la Mutrah kuna ubani kutoka Dhofar, vyombo vya fedha, majambia, na kofia za kumma, ambazo ni ndugu wa damu wa kofia zetu za viua. Bei inapatanishwa. Mama alianza kwa Kiingereza cha kuazima, muuzaji akamsikiliza kidogo, akamjibu: "Bibi, sema Kiswahili tu, tutaelewana." Punguzo likapatikana.

Mbele kidogo, Muscat ya zamani, kuna ngome mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani. Zilijengwa na Wareno miaka ya 1580, watu wale wale walioanza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwafukuza Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa na Mombasa. Ukisimama pale unaona pwani yetu na yao ni kitabu kimoja, kurasa mbili.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, usiukose. Zulia la ukumbi mkuu ni kipande kimoja kilichofumwa kwa mkono, zaidi ya mita za mraba 4,000, na kazi hiyo ilichukua miaka minne.  Wasio Waislamu hupokelewa asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Akina mama funikeni nywele, mikono na miguu. Mume wangu, mtu wa manunuzi, alisimama juu ya lile zulia akipiga hesabu ya nyuzi. Nikamwambia aache, siku hiyo hakuna anayemlipa.

Mkiwa na siku ya ziada kodini gari mwende Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kuna ngome yenye mnara mnene wa karne ya 17, na Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi ambao watu huuzungukia kama uwanja wa mpira.

Sasa mfuko. Fedha yao ni rial, na ni nzito: moja ni kama dola 2.60 za Marekani, imegawanywa baisa 1,000. Ukiona chakula "rial 3" usicheke mapema. Ila kula vizuri kwa bei nafuu kunawezekana. Jioni tafuta wachoma mishkak, ambayo jina lake halihitaji tafsiri. Kahawa yao huja na iliki na tende, halua yao ni ya kunata kama ya Unguja. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Viza husimamiwa na Polisi ya Kifalme ya Oman na maombi hufanyika kwa intaneti. Angalia masharti ya pasi yako kabla hujakata tiketi, na kama unapita nchi nyingine, za huko pia.

Siku ya Seeb

Mama mkubwa anakaa Seeb, upande wa uwanja wa ndege. Tulifika saa kumi alasiri. Mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa kwenye kiti kibarazani, fimbo pajani. Mimi nilikuwa na simu mkononi tayari kupiga picha.

Mama hakukimbia, wala hakulia kama nilivyotarajia. Alimwendea taratibu, akapiga goti, akamshika miguu. "Shikamoo dada."

"Marahaba," mama mkubwa akasema, akampapasa uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Umekonda wewe. Huko Dar hamli?"

Basi wakaingia ndani, na kwa siku nne hatukuwapata tena. Walilala chumba kimoja. Usiku tulisikia vicheko, mara majina ya watu wa Unguja ambao sisi hatuwajui, mara kimya. Asubuhi mama mkubwa alikuwa anasimamia maandazi kutoka kwenye kiti, akimwambia mdogo wake wa miaka 68 kwamba hajui kukanda. Sisi wawili tulibaki na Muscat peke yetu, Mutrah, msikiti, Nizwa, mara ya kwanza tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Wazo la kuja na mama mkwe fungate, kumbe, lina faida zake.

Siku ya kuondoka mama mkubwa alimwita mume wangu pembeni, akampa ubani umefungwa kwenye kitambaa. "Mwanangu, nimesikia tiketi ni zako. Umelipa kiasi gani?"

"Sikulipa, mama. Nilizipata kazini, kwa kusafiri."

"Hiyo ndiyo kulipa," akasema.

Kwa hiyo msomaji, leo usiku, kabla ya tamthilia kuanza, fungueni akaunti zenu wote wawili. Angalieni zipo ngapi na zinakufa lini. Pigeni ile hesabu, kisha semeni kwa sauti ni safari gani kwenye familia yenu imeahirishwa mara nyingi zaidi. Kama maili zinatosha, kateni tiketi mwezi huu.